Kukopa ili ununue hisa: riba inalipika au tunadanganyana?

Mbeba_Boksi: Wakuu, salamu kutoka Dallas. Nina hisa za dola 20,000, nusu ni pesa ya dalali wa hisa, ule mkopo wanaouita margin, sisi tunasema majini. Riba asilimia 12 kwa mwaka, inahesabiwa kila siku, inakatwa kila mwezi. Mwezi jana zimekatwa dola 100. Gawio la miezi mitatu halikufika hata 60. Kuna mtu wa kawaida anayefaidi, au hii ni ya wenye mamilioni wanaopewa riba nafuu?

Kijiko: Majini! Hata jina limejitangaza. Na kafara unatoa kila mwezi 😂

Baba_Wawili_Nakuru: Haya tuliyaona 2008 Safaricom ilipouza hisa kwa umma. Nilikopa benki laki moja nikaomba hisa 20,000, bei shilingi 5. Waombaji walikuwa wengi mno, nikapewa elfu nne na kitu. Pesa iliyobaki ilichukua wiki kadhaa kurudi, na riba inatembea kwa laki nzima! Zikaanza kuuzwa saba na ushee, mwaka uliofuata ziko kwenye tatu. Mkopo nikaumaliza kwa mshahara. Afadhali ningenunua ng'ombe.

Mzee_wa_Gawio: Wakenya mkiona foleni mnajipanga tu. Ungezishika mpaka 2021 ungeuza kila moja zaidi ya shilingi 40.

Baba_Wawili_Nakuru: Nizishike na mkopo wa miezi 24? Karo ungenilipia wewe? Na hisa za Vodacom Tanzania za shilingi 850 mwaka 2017, kwani ni sisi tuliojipanga Dar?

Mzee_wa_Gawio: Mimi nilinunua kwa pesa yangu, sikumkopa mtu. Usinitafute.

Mama_Shamba: Huyo wa ng'ombe nimjibu. Wangu alikufa kwa ndigana, mkopo wa sacco ukabaki mzima wa afya.

Baba_Wawili_Nakuru: Ulimpeleka josho?

Mama_Shamba: Usinifundishe ufugaji, wewe wa hisa elfu nne.

Kalamu_Nyekundu: Tumsaidie huyu wa Dallas. Kwa mkopo wa nusu, hisa zikishuka theluthi moja, chako kinabaki robo ya thamani ya hisa zote, na robo ndiyo kiwango cha chini kwa kanuni za kule. Madalali wengi wanadai asilimia 30 au zaidi. Ukipungukiwa wanauza hisa zako, hata kukupigia simu si lazima. Riba ni nusu ya gharama tu. Nusu nyingine ni kuuziwa siku bei iko chini kabisa.

Kijiko: Ng'ombe hauzwi na dalali usiku umelala.

Mama_Shamba: Anaibwa.

Baba_Wawili_Nakuru: Kwetu haibwi mtu.

Mama_Shamba: Sasa ng'ombe amekuwa mtu?

Mbeba_Boksi: Jamani, niliuliza riba.

Kijiko: Umeshajibiwa, lipa kafara.

Mbeba_Boksi: Haya. Baba Wawili, mtamba mwenye mimba huko Nakuru anaenda bei gani siku hizi?