Mhusika shoga kwenye mchezo wa redio: sauti yake iweje bila kumfanyia kejeli?

Kinanda_Mvita

Salaam wanajukwaa. Kuna mchezo wa redio unatayarishwa hapa Mombasa, vipindi vya dakika 15. Mhusika mmoja, Salim, ni karani wa kampuni ya kutoa mizigo bandarini Kilindini, na kuanzia kipindi cha tatu msikilizaji anatakiwa ajue kwamba ni shoga. Kila mwigizaji anayejaribu nafasi hiyo anafanya yale yale: sauti juu puani, maneno yanavutwa ("jamaniii"), na s inatoka kama th. Mwandishi hataki kejeli. Mtayarishaji naye anasema redioni hakuna nguo wala mikono, kwa hiyo pasipo alama kwenye sauti hakuna atakayeelewa.

Naomba wenye ujuzi: je, hiyo "sauti ya shoga" ipo kweli au ni mazoea ya vichekesho? Na mwigizaji aambiwe nini, kwa vipimo, si kwa "punguza kidogo"?

Irabu_Tano

Nianze na s, maana ndiyo inayoharibu zaidi, na huyo mhusika mmempa jina linaloanza nayo.

Waigizaji wako wanaiga kitu cha Kiingereza walichokisikia kwenye filamu, tena wanakiiga vibaya. S ambayo watu wa Marekani na Kanada huihusisha na mashoga si kithembe. Kwenye kithembe ulimi unaingia kati ya meno. Kwenye ile s ulimi unabaki nyuma ya meno, ila ncha yake inasogea mbele kidogo tu. Uwazi ulio mbele ya ulimi unakuwa mdogo, na uwazi mdogo hutoa mlio wa juu zaidi. Nguvu ya s huwa kuanzia kama Hz 4,000 (mitetemo 4,000 kwa sekunde) kwenda juu. Ulimi ukisogea mbele, kilele chake kinapanda, na mara nyingine sauti yenyewe inarefuka kidogo. Ni tofauti ya milimita chache. Masikio ya wasikilizaji yakaiita kithembe, vichekesho vikaikuza.

Kiswahili sasa hakitakusamehe hapo, kwa sababu th kwetu ni sauti kamili yenye maneno yake. Salim ni karani wa mizigo. Mpe sentensi "Forodha wanataka thamani ya samani" kisha mwambie mwigizaji aiseme kwa kithembe. Atasema "thamani ya thamani", na msikilizaji amepotea.

Kuhusu kidatu, yaani ujuu wa sauti: Rudolf Gaudio alichapisha mwaka 1994 uchunguzi wa wanaume wanane wa Marekani, nusu yao mashoga. Wasikilizaji walikisia vizuri nani ni nani, lakini alipopima ujuu wa sauti na jinsi unavyopandashuka, hakupata tofauti ya maana kati ya makundi mawili. Kwa hiyo jambo la kwanza ambalo kila mwigizaji hulikimbilia, kupandisha sauti, ndilo lenye ushahidi hafifu. Mwaka 2003 Smyth, Jacobs na Rogers wa Toronto walitumia sauti 25, za mashoga 17 na wasio mashoga 8. Wako wasio mashoga walioambiwa wanasikika mashoga, na mashoga ambao hakuna aliyewatilia shaka. Kinachosikika ni mtindo wa kuzungumza. Mtu anampenda nani hakisikiki.

Liko jambo moja lililopatikana zaidi ya mara moja: kwa wastani mashoga waliopimwa huko walitamka irabu za Kiingereza kwa upana zaidi, kila moja mbali na mwenzake, kama mtu anayetamka kwa uangalifu. Pierrehumbert na wenzake (2004) walionyesha kwamba irabu hizo hazikuelekea kwenye matamshi ya wanawake. Hilo peke yake linavunja dhana kwamba "shoga huongea kama mwanamke". Lakini usilihamishie kwenye Kiswahili. Irabu zetu ni tano, zimekaa mbalimbali tayari. Ukimwambia mwigizaji azipanue atasikika kama mtangazaji wa taarifa ya habari.

Bi_Kiimbo

Irabu_Tano amesema ya Toronto, niseme ya hapa.

S isiyo ya kawaida ikisikika Mombasa, hakuna anayefikiria ushoga. Anafikiria bara. "Samba" badala ya "shamba" humkumbusha msikilizaji Mjaluo, kwa kuwa lugha yake haina sh. "Thitima" badala ya "stima" humkumbusha Mkikuyu. Mwigizaji wako akitoa s kama th, nusu ya Kisauni itajiuliza Salim ni mwenyeji wa Kiambu ama vipi.

Kinachosikika Pwani kuwa "kike" kiko kwingine kabisa. Kwanza ni maneno ya kuitana. Wanaume wataitana yakhe, ami, bwana, ndugu. Wanawake wataitana shoga, mwenzangu, mwanangu. Mwanamume akimwambia mwanamume mwenziwe "mwenzangu weee, yamenifika", hata kwa sauti nzito kama ya nahodha, watu watageuka. Pili ni mkazo. Kiswahili huweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho: ja-MA-ni. Mzaha wa vichekesho unavuta silabi ya mwisho, "jamaniii", na ndiyo sababu unasikika kama maigizo hata kwa asiyejua sarufi. Mwenye kushangaa kwa kweli huvuta "ma": "jamaaani". Mwonyeshe mwigizaji tofauti hiyo kabla ya mengine yote. Na uvutaji una hasara nyingine: "kufa" ikivutwa mwisho inakuwa "kufaa".

Tatu ni kiimbo cha mipasho, ile sentensi inayoanza chini, inapanda, halafu inaachwa ikining'inia ili mwenye kisa ajijue. Hiyo ni ya taarabu na ya uani, na wanaoijua vizuri ni wanawake. Kejeli ya shoga kwenye vichekesho vyetu imekopwa humo moja kwa moja. Kwa maneno mengine, wanachocheka watu ni mama zao.

Halafu kuna hili linalosahaulika. Gill Shepherd aliandika kuhusu Mombasa mwaka 1987, Deborah Amory kuhusu Pwani yetu mwaka 1998, na wote wawili wanaeleza kwamba mtaani pana majina mawili, shoga na basha, kwa majukumu mawili (basha ndiye wa upande wa kiume). Kejeli ina sauti ya mmoja tu. Basha hana lafudhi kwenye vichekesho, anaongea kama mwanamume yeyote wa gatini, na hakuna anayeuliza kwa nini. Ukiendelea kutafuta sauti maalum utakuwa umeshawafuta nusu ya watu unaotaka kuwaonyesha.

Na Mombasa ina mzigo wake. Mtu wa Nairobi humsikia mwanamume wa Mji wa Kale, anayesema polepole na "tafadhali bwana" kila sentensi, akadhani ni mlegevu. Mchezo ukisikika hadi bara, Salim atabebeshwa na hilo. Katika waigizaji wengine weka angalau wanaume wawili wanaosema hicho hicho Kimvita laini, "ndoo" kwa "njoo", "mato" kwa "macho", wenye wake na watoto. La sivyo ulaini wenyewe utageuka kuwa alama.

Fundi_Mawimbi

Mimi nakuja na mitambo tu.

Kabla hujamlaumu mwigizaji, angalia maikrofoni. Mtu akisemea maikrofoni ya kondensa (ile nyeti ya studio) moja kwa moja kutoka sentimita 5, kila s inapiga kama pasi ya moto kwenye maji. Mweke sentimita 15 hadi 20, na uielekeze pembeni ya mdomo kwa nyuzi 30 au zaidi. Kama s bado ni kali, tumia kipunguza-s kati ya Hz 5,000 na 8,000, lakini kidogo: ukikaza mno, s inazama kuelekea th, na kithembe ulichokikimbia kinarudi kupitia mlangoni kwa fundi. Wahusika wote wapitie mpangilio ule ule. Ukiwasafisha wengine ukamwacha Salim, umeshampa sauti tofauti bila kukusudia.

Mwigizaji asijaribiwe kwa simu. Laini ya kawaida ya simu hubeba Hz 300 hadi 3,400 tu, na s karibu yote iko juu ya hapo. Utachagua mtu kwa simu, ufike studio ukute s nyingine. Rekodi faili la WAV (lisilobanwa), sampuli 44,100 kwa sekunde, chumba kimoja, siku moja.

Kwa anayetaka vipimo, Praat, programu ya kompyuta ya kupima sauti, ni ya bure (ya Boersma na Weenink, Amsterdam). Kwa mwanamume weka mipaka ya kidatu 75 hadi 300. Akipanda sauti ya juu kabisa, ile nyembamba ya kushangilia, inua mpaka wa juu hadi 600, la sivyo programu itaikosa au itakupa nusu ya ujuu wake. S ipime katikati yake, si kingoni, na linganisha s zenye irabu sawa: s ya "suala" iko chini kuliko ya "sikia" kwa sababu midomo imeviringika. Hapo ndipo wengi wanapodanganyika, wanalinganisha maneno tofauti halafu wanasema wamegundua kitu.

Kinanda_Mvita

Ahsanteni sana, hasa Bi_Kiimbo kwa "jamaaani". Mtayarishaji amesoma haya yote na bado anashikilia: "Sawa, msikilizaji atajuaje?" Mwingine amependekeza tumtungie Salim na wenzake lugha ya siri.

Nyuma_ya_Pazia

Lugha ya siri iacheni. Uingereza ilikuwepo Polari, lugha ya siri ya mashoga, na vichekesho vya redio ya BBC vilivyoanza 1965 viliitoa hewani kila wiki. Watu wote wakaijua, ikaacha kuwa ya siri, na wenyewe wakaiacha kidogo kidogo. Kama ipo msamiati wa namna hiyo hapa, redio haina haki ya kuutoa nje. Kama haupo na mkautunga, mtakuwa mmewapa watu silaha ya mtaani: neno la kuwasakamia wenzao Jumatatu asubuhi.

Sasa swali la mtayarishaji, ambalo ni halali. Jibu lake halimo kwenye koo la Salim. Limo kwenye sauti ya pili. Mpenzi wake asikike. Mfano:

SALIM (kwa mteja): Samahani bwana. Karatasi zako zitakuwa tayari saa nane.
(Simu inaita.)
SALIM: Naam... Umekula?
SAUTI YA MWANAMUME: Sijala. Nakusubiri.
SALIM: Kula. Wali umo sufuriani. Usinisubiri barazani, lakini. Kaa ndani.

Mistari mitano, na msikilizaji wa Changamwe ameshaelewa, hata na hofu ameielewa. Mwigizaji hakupandisha kitu.

Anachotakiwa abadilishe ni namna anavyosema kulingana na anayemsikiliza. Robert Podesva (2007) alimfuatilia mwanafunzi mmoja wa udaktari, shoga: kwenye karamu na rafiki zake ile sauti nyembamba ya juu ilitokea mara nyingi, ilidumu na ilipanda sana; mbele ya mgonjwa ilipungua mno. Koo lile lile. Kwa hiyo mwandikie mwigizaji maelekezo matatu. Kwa mteja: sentensi fupi, mwisho unashuka, "bwana" kila baada ya sentensi mbili. Kwa bosi: kama hivyo, ila polepole zaidi. Kwa simu: apunguze kasi, aruhusu kimya cha sekunde moja kabla ya kujibu, mwisho wa sentensi usishuke hadi chini. Ikiwa kuna onyesho na marafiki, hapo mruhusu acheke juu na ashangilie, kwa kuwa kila mtu hufanya hivyo na marafiki, mashoga na wasio mashoga. Kosa kubwa ni kumpa mtindo mmoja kwa maonyesho yote. Hapo ndipo mhusika anapokuwa katuni.

Irabu_Tano

Nakubaliana na Nyuma_ya_Pazia isipokuwa kimoja: msiogope hata kidogo kwamba mhusika "asisikike". Wapo mashoga wanaozungumza kwa madaha, na kuwafuta kabisa ili tuonekane wastaarabu ni kejeli ya upande wa pili. Kama mwandishi anamtaka Salim mwenye madaha, awe nayo. Apewe pia akili, hasira na kazi anayoijua.

Jaribio la kupima kama mmevuka mpaka: chukueni mistari minane isiyotaja mapenzi. Mwigizaji wa Salim aisome mara mbili, kwa mtindo mliouchagua na kwa sauti yake ya kila siku. Waigizaji wengine watatu waisome mara moja moja. Sawazisheni ukubwa wa sauti, changanyeni mpangilio, wasikilizaji kumi au zaidi wasiowajua waigizaji. Wazo la mtu mmoja kusikilizwa kwa sura mbili ni la Lambert wa Montreal, 1960, na bado halijapata mbadala mzuri.

Usiulize "huyu ni shoga?" Ukiuliza hivyo kila msikilizaji ataanza kutafuta ushoga hata kwenye sauti ya muadhini. Uliza: ana umri gani, anatoka wapi, anafanya kazi gani, ungemkopesha elfu mbili? Majibu ya "mchekeshaji" na "si mtu wa kuaminika" yakikusanyika kwenye usomaji wa mtindo mliouchagua na si ule wa sauti yake ya kila siku, mtindo ndio unaomchafua. Rudini studio.

Bi_Kiimbo

Nyongeza kwa usalama: msiende kurekodi watu halisi "ili mwigizaji aige". Kifungu cha 162 cha Kanuni ya Adhabu ya Kenya, kinachotumika dhidi ya ngono kati ya wanaume, bado kipo, na Mahakama Kuu ilikataa kukiondoa Mei 2019. Adhabu ni hadi miaka 14. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inaihesabu taarifa ya mtu kuvutiwa na jinsia gani kuwa data nyeti. Sauti ya mtu hutambulika hata bila jina. Akitaka mwenyewe kuwashauri, aje asome hati, azungumze na mwandishi, na kinasa sauti kibaki kimezimwa.

Kinanda_Mvita

Sawa, tumekubaliana, na mistari mitano ya simu imeingia kipindi cha tatu. Swali dogo la mwisho kwa Fundi: mpenzi wake yuko upande wa pili wa simu. Nimpitishe kwenye Hz 300 hadi 3,400?

Fundi_Mawimbi

Ndiyo, ila usimfinye sana, redio ndogo za matatu tayari zinakata chini. Anza 300 hadi 4,000 halafu sikiliza kwa spika ya simu yako. Neno "sijala" lisiposikika vizuri, fungua juu kidogo kidogo mpaka s irudi.