Mrejesho: machaguo ya mfumo wa mafaili na kasi ya PostgreSQL

Ndugu zangu, niliwauliza iwapo kubadili machaguo ya mfumo wa mafaili kungeharakisha hifadhidata ya PostgreSQL tunayoandikia mizigo ya parachichi za wakulima hapa Tukuyu. Nimepima kwa pgbench, programu ya kupima kasi ya PostgreSQL, nikirudia kila jaribio mara tatu.

Kuweka noatime (chaguo linalozuia kuandikwa kwa muda faili liliposomwa) hakukuleta tofauti ya maana, kwa kuwa Linux, tangu toleo la 2.6.30 la mwaka 2009, hutumia relatime, ambayo tayari hupunguza uandishi wa muda wa kusomwa kwa faili. Tofauti kubwa niliikuta kwenye Btrfs, mfumo wa mafaili wa Linux ambao huandika mahali papya kila ukurasa wa KB 8 wa PostgreSQL unapobadilishwa, hivyo faili hutawanyika diskini. Nilipoweka chattr +C (amri inayozima uandishi huo wa mahali papya) kwenye folda tupu kabla ya kurejesha data (faili lenye data tayari halinufaiki), kasi ilipanda waziwazi, ingawa ukaguzi wa Btrfs wa kugundua data iliyoharibika huzimika, nami nimewasha ule wa PostgreSQL yenyewe.

Mmoja wenu alishauri nizime fsync, mpangilio unaoifanya PostgreSQL ihakikishe data imefika diskini kweli. Namshukuru, lakini nimeiacha ikiwa imewashwa, kwa sababu masika umeme hukatika mara kwa mara, na mzigo ambao mkulima ameshapewa risiti yake haupaswi kupotea.