Zoezi la jeshi kwenye bustani ya ufukweni Tanga: sisi raia tunatakiwa kuambiwa na nani?

Mama Vitumbua

Asalaam aleikum wana jukwaa, na wengine habari za leo.

Mimi nakaa Tanga. Alfajiri nauza vitumbua na chai ya rangi kwenye bustani moja ya ufukweni huku upande wa Raskazone, chini ya mkungu, mwaka wa 6 sasa. Wateja wangu ni watu wa kutembea kwa afya, walinzi wanaotoka lindo, wavuvi wanaorudi na watoto wanaopita kwenda shule. Sina fremu. Nina chuma cha vitumbua, jiko la mkaa, ndoo ya unga na benchi.

Jumanne iliyopita, saa 11 na nusu alfajiri, nipo kwenye chuma cha tatu, nikasikia filimbi. Mara moja tu. Kugeuka, naona wanaume wanapanda kutoka upande wa bahari, wamelowa mpaka kifuani, kombati zinachuruzika maji, nyuso wamezipaka masizi, kila mmoja na bunduki yake na hakuna anayesema neno. Mmoja alipita karibu kiasi cha kumshika mkono. Akaniangalia mimi, akaangalia vitumbua, akaendelea. Nikajisemea labda wanajiandaa kwa gwaride. Hata sijamaliza kujisemea, upande wa pili wa bustani pa! pa! pa! na moshi juu.

Nina mteja wangu mmoja, bibi mtu mzima, tunamwita Bibi wa Mbagala. Alihamia huku kwa binti yake baada ya mabomu yale ya Aprili 2009, ghala la jeshi lilipolipuka. Jamani, hakupiga kelele. Aliweka kikombe chini taratibu, akaingia kwenye mtaro na baibui lake, akalala kifudifudi, mikono kisogoni. Utadhani hiyo kazi anaifanya kila siku. Mimi ndiye niliyepiga kelele. Nikakimbia bila kutazama, mguu ukapiga ndoo. Unga wa kilo 3 za mchele, nazi 4, na iliki niliyoitwanga kwa mkono wangu, wote mchangani.

Dakika 20 mambo yamekwisha. Wakapanda lori lao hao wakaenda zao. Waja leo waondoka leo, ndiyo Tanga yetu.

Msinielewe vibaya, sipingi jeshi kufanya mazoezi. Mdogo wangu wa kiume amepita JKT, najua kazi ile. Ninachouliza ni hiki: bustani ni ya watu, jeshi likitaka kuitumia, nani anatakiwa kutuambia? Mwenyekiti wa mtaa nimemfuata, kaniambia naye milio aliisikia akiwa kitandani. Na la pili, mwanangu ameokota ganda la risasi, nimeliweka kwenye kikopo cha maziwa. Nilifanyeje?

Kijana wa Barabara ya 12

Pole sana mama yangu. Sisi huku Ngamiani tulikuwa na sinema yetu. Saa 12 kasoro kundi la WhatsApp la mtaa likatangaza maharamia wametua. Saa 12 kamili ikawa mapinduzi. Saa 1 kuna mtu akaandika kwamba ni filamu inapigwa na anatafutwa msichana mrembo wa kuigiza, dada yangu akaanza kujipodoa. Mimi nikapanda baiskeli kuja kushangaa, nikakuta yeboyebo 7 na kandambili 3 hazina wenyewe, na kuku mmoja sijui wa nani anakula unga.

Ila mama, kwa habari ya kutoa taarifa, kumbuka historia ya hapo hapo ulipokaa. Novemba 1914 Waingereza walikuja na jeshi la zaidi ya watu 8,000 kutoka India, Wajerumani na askari wao walikuwa kama 1,000. Kabla ya kushusha watu, nahodha wa manowari yao iitwayo Fox akaingia kwanza bandarini kiungwana, akawaambia wenyeji wajisalimishe, akauliza na kama bandari imetegwa mabomu! Kamanda wa Wajerumani, Von Lettow-Vorbeck, akapata nafasi ya kuwaleta askari kwa treni kutoka Moshi. Waingereza walipotua Raskazone wakakuta wamesubiriwa. Wao peke yao walikufa zaidi ya 300, waliobaki wakarudi melini na kuacha bunduki na risasi ufukweni, na nyuki wakali wakawauma juu yake. Kumbe hodi nayo ina madhara yake 😂

Mama Vitumbua

Wewe mtoto, yule alikuwa adui anampa taarifa adui mwenzake. Mimi ni mwenyeji, nimekaa na jiko langu. Halafu nyuki wa mwaka huo nao hawakupigiwa hodi, na wewe mwenyewe umeeleza walichofanya.

Kuku si wangu.

Afande Mstaafu

Mama, salaam. Tuanze na ganda, mengine yatafuata. Usilitie karibu na jiko, na mtoto asilifanye filimbi mpaka ulitazame vizuri. Angalia mdomo wake. Ukiwa mviringo laini, safi, basi lilikuwa na kichwa cha risasi, hiyo ni risasi ya moto na inabidi watu waulizwe vikali. Ukiwa na mikunjomikunjo, kama pembe ya sambusa iliyofunguka kwenye mafuta, hiyo ni risasi baridi, hutengenezwa kwa kubana mdomo wa ganda badala ya kuweka kichwa. Na kwa wote mnaosoma hapa: kitu chochote kilichofungwa pande zote, chenye pini au mkia, hakiokotwi wala hakigeuzwi kwa kijiti. Unasogea, unazuia watoto, unaita polisi.

Sasa risasi baridi nayo si ya kuchezewa. Haina kichwa, lakini baruti ni ya kweli. Hewa ya moto na chembe zinazotoka mdomoni mwa bunduki, mtu akiwa hatua moja au mbili zinamuumiza vibaya, hata kumuua. Ndiyo maana zoezi likiwa karibu na raia huwekwa watu pembeni wa kuzuia wapita njia. Filimbi moja siyo kuzuia. Hapo nakuunga mkono.

Kwa nini bustanini? Mazoezi makubwa yana mahali pake. Kule Mapinga, Bagamoyo, kuna kituo cha mafunzo kilichofunguliwa 2018 kwa msaada wa China, na 2024 majeshi ya China, Msumbiji na letu yalifanya hapo zoezi la pamoja. Lakini askari aliyezoea pori tu, ukimleta penye mtaro, ukuta, baiskeli na mama wa vitumbua, anababaika. Kutoka majini kwenda nchi kavu lazima utokee ufukweni, na ufukwe mzuri siku hizi una watu. Hilo ni tatizo la kweli, siyo ujeuri.

Kuhusu taarifa, enzi zangu ilikuwa inashuka hivi: kikosi kinaandika kwa mkuu wa wilaya, ambaye ndiye mwenyekiti wa kamati ya ulinzi na usalama ya wilaya. Kutoka hapo kwa mtendaji wa kata, kisha mtaa, kisha gari la matangazo au spika za msikiti na kanisa. Ukiona mwenyekiti wako kaamshwa na milio, jua kuna karatasi imelala mezani kwa mtu. Anza kuulizia kata.

Na nyie mliorekodi video, zifuteni. Askari akiwa kazini si wa kurushwa mitandaoni, mtajitafutia kesi ya bure.

Mama Vitumbua

Afande nashukuru, Mungu akuweke. Nimelitazama kwa tochi ya simu. Mdomo umechanua kama asumini iliyonyauka, mikunjo kama 6 hivi, ndani meusi. Kwa hiyo baridi. Bibi nimemwambia kwamba ilikuwa baridi, kaniuliza, "Na mimi masikio yangu yangejuaje?"

Mzalendo Halisi

Nchi inalindwa na hao vijana usiku na mchana wewe unakuja kulalamikia ndoo ya unga. Wenzenu mnaolala kwa amani mshukuru. Jeshi halimwombi mtu ruhusa.

Mama Vitumbua

Mwanangu, ndoo hiyo ndiyo nauli ya daladala ya watoto 3 na luku ya wiki. Ruhusa sijaisema, soma tena. Nimesema waniambie. Ningeambiwa Jumatatu, Jumanne ningelala, Bibi angelala, na wao wangefanya zoezi lao kwa nafasi bila mtu kuwakimbilia miguuni. Hebu fikiria kijana ameshika bunduki ina baruti, halafu mama wa kilo 90 anamjia mbio gizani.

Mtanga wa Mbali

Shikamoo Mama Vitumbua. Mimi ni wa Chumbageni ila niko Marekani, jimbo la Washington, pwani ya Pasifiki. Hili lako limenikumbusha mzozo wa huku, ulichukua miaka.

Jeshi la wanamaji lilikuwa na kawaida ya kuwafundisha makomandoo wake kwenye hifadhi chache za jimbo zilizo kando ya bahari, hizi ambazo sisi tunakwenda na watoto Jumapili kuchoma nyama. Wanapapenda kwa sababu maji ni ya baridi kali na mikondo ina nguvu. Baadaye wakaomba waongezewe hifadhi, zifike zaidi ya 20. Zoezi lenyewe: kikundi kidogo kinakuja na chombo cha chini ya maji, kinatokea ufukweni usiku, kinajificha vichakani hata siku 3, kisha kinaondoka. Risasi hakuna kabisa, silaha ni za bandia. Na shabaha ya zoezi ni kwamba raia asiwaone. Ukiwaona, wameshindwa.

Ungedhani watu wangetulia, hakuna kelele wala moshi. Wapi! Barua na simu zilimiminika. Wako waliounga mkono, huku familia nyingi zina mtu jeshini. Lakini wengi walikataa, na malalamiko makubwa hayakuwa bunduki, yalikuwa kutazamwa. Mke wangu ana kawaida ya kutembea peke yake kwenye njia za msituni Jumamosi. Aliacha mwezi mzima. Akasema, "Nikichuchumaa kichakani najuaje kama hakuna wanaume 8 wananitazama kwa ajili ya taifa?" Nilicheka, yeye hakucheka.

Tume ya hifadhi ikapiga kura Januari 2021, ikapita kwa 4 dhidi ya 3. Kikundi cha wanamazingira cha kisiwa cha Whidbey kikaenda mahakamani, kikisema hifadhi zile ziliwekwa kwa watu kupumzika na kwa viumbe vyake, si uwanja wa mafunzo. Aprili 2022 jaji wa kaunti ya Thurston akaubatilisha uamuzi wa tume.

Ninachotaka kusema mama, huku barua iliandikwa mapema, mikutano ikafanyika, watu wakaulizwa, na bado walikataa. Wewe umeomba kuambiwa tu. Naona unawadai kidogo sana.

Mama Vitumbua

Marahaba baba. Mwambie mkeo Mama Vitumbua yuko upande wake. Afadhali wangu niliwaona, na mmoja kaviona vitumbua. Huyo wa kichakani siku 3 anakula nini?

Mahakama mimi siiwezi, na sitaki. Bahari ni yetu wote na wao wanahitaji pa kutokea. Kesho naenda kata.

Kijana wa Barabara ya 12

Mama usiende peke yako, wakikuzungusha niite.

Mama Vitumbua

Nimerudi na majibu, samahani nimechelewa, kulikuwa na hitma.

Nilikwenda na Bibi. Yeye hasemi sana lakini akikaa kwenye benchi la ofisi na bakora yake watu wanafanya kazi. Yule kijana wa mapokezi akasema hakuna barua kama hiyo. Bibi akakaa. Ikapita nusu saa, mtendaji mwenyewe akatoka, akafungua faili la kijani, na barua ikawemo. Imefika Ijumaa, mhuri wa kupokelewa upo. Imeandikwa vizuri kabisa: zoezi Jumanne alfajiri, eneo la ufukweni, wananchi wajulishwe wasiwe na hofu. Na pembeni mtu ameandika kwa kalamu nyekundu: "Isomwe mkutano wa mtaa." Nikauliza mkutano lini. Alhamisi.

Kwa hiyo Afande ulisema kweli, karatasi ililala. Wenye bunduki walipiga hodi, aliyekuwa mlangoni akaiweka hodi yetu kwenye faili. Mtendaji kaomba radhi, kasema safari nyingine watapita na spika siku moja kabla. Nikamwambia aandike. Akaandika, namba yangu ya simu na ya muuza kahawa zimewekwa kwenye karatasi iliyobandikwa ukutani. Ndoo ya unga hakuna aliyeitaja, nami nikainyamazia.

Ganda nimempelekea Afande wa kituo cha polisi, kalipokea, kacheka.

Afande Mstaafu

Safi sana mama. Kalamu nyekundu naijua hiyo. Mwezi ujao nina safari ya Tanga kwa mkwe wangu. Benchi lako liko upande gani?

Mama Vitumbua

Karibu sana. Ukiingia kwa mlango wa chini, mkungu wa pili, utaona moshi. Njoo kabla ya saa 12 na nusu, baada ya hapo unakuta chuma kitupu. Kimoja sh 200, cha kwanza changu kwako bure. Bibi utamkuta, amerudi tangu juzi. Ila benchi ameligeuza, sasa anakunywa chai anatazama baharini.