Mliomuuguza mzazi mwenye dimenshia hadi mwisho, kujilaumu mnakukabili vipi? Tupeane uzoefu

Habari zenu wapendwa. Mama aliugua dimenshia, ule ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu na uwezo wa akili, miaka mingi, mwishoni hata kumeza kukamshinda. Daktari akauliza: tumwekee mpira wa kulishia, au tuendelee kumlisha kwa mkono kidogo kidogo, kadiri atakavyotaka mwenyewe? Ndugu zangu walinisukumia mimi nijibu. Nikasema mpira hapana. Mama amefariki, na kila nikikaa mezani kula najiona nilimnyima chakula. Mliopitia haya mlifanyaje? Naomba tusihukumiane.

Mwana wa Pili: Pole sana dada. Mimi nilijibu kinyume chako. Baba akawekewa mpira wa puani, akawa anauchomoa, mwishowe wakamfunga mikono kwa vitambaa. Nimonia ikampata vilevile, maana mpira hauzuii mate wala yanayopanda kutoka tumboni yasiingie mapafuni. Leo najilaumu kwa ile mikono. Kwa hiyo usidhani ungekubali ndiyo ungelala usingizi.

Binti Mkubwa: Chama cha madaktari wa wazee cha Marekani kilishatoa msimamo mwaka 2014: mwenye dimenshia iliyofika mbali asiwekewe mpira, alishwe kwa mkono kwa uangalifu. Niliusoma baada ya mazishi. Ulinituliza, lakini si sana, kwa sababu mimi sikuwa na shida na takwimu, nilikuwa na shida na mama yangu. Kilichonisaidia ni kurudi kwa daktari wake na kumuuliza waziwazi: alikufa kwa njaa? Akanieleza kwamba ugonjwa ukifika pale mwili wenyewe huacha kudai chakula, na kinachomsumbua mgonjwa zaidi ni kinywa kukauka. Nikakumbuka tulivyokuwa tukimlowesha midomo kwa pamba, kutwa nzima.

Kitindamimba: Kwangu ni mofini, ile dawa kali ya kutuliza maumivu. Baba alikuwa anahema kwa shida, nikakubali achomwe, alfajiri akafariki. Shangazi akasema mbele ya watu kwamba nimemmaliza kaka yake. Muuguzi alinionyesha kwamba pumzi zilishaanza kukatika kabla ya sindano, na kwamba dozi ile ndogo ilikuwa ya kumpunguzia kuhangaika. Shangazi hajakubali mpaka leo. Nimeacha kumbembeleza. (Nimeona wengi: anayesema sana msibani ni yule ambaye hakuwahi kumgeuza mgonjwa usiku.)

Msomaji Kimya: Mimi najilaumu kwa kuwa nilishusha pumzi alipokata roho. Sijawahi kumwambia mtu.

Mwanzisha mada: Hata mimi.

Mwana wa Pili: Na mimi.

Mjukuu: Babu aliulizwa mapema, akili ikiwa bado timamu. Akasema moyo ukisimama asikandamizwe kifua, na mashine ya kupumulia hataki. Tukaandika, akatia sahihi. Siku ilipofika baba mdogo alipiga kelele "fanyeni chochote!", daktari akamsomea ile karatasi, akakaa chini. Mwenye mzazi aliyeanza kusahausahau, muulizeni sasa, msingoje.

Mwanzisha mada: Asanteni. Daktari wa mama bado yupo, nitakwenda kumuuliza swali la Binti Mkubwa. Kaka zangu nitawachukua waje wasikie wenyewe, kwa sababu siku ile walikuwa kwenye simu tu. Wengine endeleeni, nasoma zote.