Dhana ya ndoa: ni ndoa kweli, na imetoka wapi?

Mwanagungu
Wana Kigoma, habari za asubuhi. Juzi mjumbe wa baraza la usuluhishi la kata kasema mwanamume na mwanamke wakikaa pamoja miezi sita, sheria inawahesabu wana ndoa. Eti ndiyo "dhana ya ndoa", na asili yake ni mila ya Waha. Ni kweli? Wenye sheria tusaidieni.

Kalamu ya Ujiji
Miezi sita ni ya vijiweni. Kifungu cha 160 cha Sheria ya Ndoa ya 1971 kinataka miaka miwili au zaidi, tena muwe mmeishi hivi kwamba watu wanawajua kuwa mke na mume. Hilo la pili wengi mnaliruka. Na mila ya Waha haimo. Wazo ni la mahakama za Uingereza: watu wameishi pamoja, jamii inawatambua, basi ichukuliwe walioana hadi anayepinga alete ushahidi. Kwa hiyo dhana inaweza kuvunjwa.

Baba Katubuka
Ndiyo maana nasema sheria za Wazungu zinatuharibia watoto. Kwetu aliyeingia ndani bila mahari ni hawara. Akiondoka, aondoke na begi alilokuja nalo.

Mama Kibirizi
Hawara nani, Baba Katubuka? Mimi na mzazi mwenzangu tulianza hatuna hata kitanda. Dagaa naanika mimi, mtumbwi tumenunua wote, mama yake nimemuuguza mimi mpaka tumemzika. Mahari hakutoa yeye, aibu inakuwaje yangu?

Baba Katubuka
Sikukutaja dada. Nimesema kwa ujumla.

Mama Kibirizi
Huo ujumla wako una sisi ndani yake. Nusu ya wanawake unaonunua kwao migebuka pale mwaloni ni sogea tukae. Waambie hilo neno usoni.

Buzebazeba
Tusigombane. Kwetu Waislamu bila akdi hakuna ndoa, miaka ishirini haibadilishi kitu. Serikali ina yake, dini ina yake.

Mzawa wa Kasulu
Mahari isiwasumbue, sheria hiyohiyo inasema ndoa haiharibiki kwa mahari kutolipwa. Halafu Mahakama ya Rufani ilishamaliza mwaka 1983, kesi ya Bi Hawa Mohamed. Alikuwa sogea tukae, akapewa nyumba kwa sababu ya kazi za nyumbani.

Kalamu ya Ujiji
Hapana, ndugu yangu. Bi Hawa alikuwa na ndoa kamili, na rufaa yake ilishindwa. Tulichobaki nacho ni msingi: kupika, kufua na kulea ni mchango katika mali ya familia. Huo ni mkubwa, lakini tusimpe nyumba ambayo hakupewa.

Baba Katubuka
Haya, mwenye ndoa ya kanisa akikaa na mwingine Uvinza miaka miwili, huyo naye mke?

Kalamu ya Ujiji
Si mke. Mwenye ndoa ya mke mmoja hawezi kuoa mwingine, kwa hiyo hapo dhana inavunjika. Ila hata ikivunjika, mwanamke anaweza kuomba matunzo yake na ya watoto. Ni kifungu hichohicho, sehemu ya pili.

Baba Katubuka
Mnaona? Hawara analipwa.

Mama Kibirizi
Umelirudia tena! Analipwa nini, mshahara? Mtoto ale nini, jina la babu yake? Kalamu, niambie, nikifika barazani nipeleke nani?

Kalamu ya Ujiji
Majirani, mwenyekiti wa mtaa, ndugu wa mume waliokuwa wanakuita shemeji au wifi. Na karatasi yoyote yenye majina yenu wawili, kama ya kiwanja au ya mtumbwi.

Mama Kibirizi
Mtumbwi umeandikwa jina lake peke yake. Wifi yangu atakuja, huyo namwamini.

Baba Katubuka
Na baba yako mzazi, ng'ombe wake atalipwa na mahakama gani?