Kabla Rehema Hajalipia Makabati

Rehema: Shikamooni wakubwa, na wengine habari za jioni. Nimetoka sasa hivi kwenye ghala la kiwanda linalouza makabati ya jikoni kwa punguzo, na nimeona seti moja iliyokuwa ya maonyesho ambayo inauzwa chini ya nusu ya bei yake ya awali. Ina kabati la sinki la sentimita 80, makabati mawili ya chini yenye upana wa sentimita 60 kila moja, kabati la droo la sentimita 40, kabati la kona la 90 kwa 90, kabati refu la kuhifadhia vitu na makabati manne ya juu, pamoja na kaunta yake. Muuzaji amekubali kunishikia hadi kesho saa nne asubuhi. Naomba ushauri wenu usiku huu, kwa sababu kila kinachouzwa pale huuzwa kama kilivyo na hakirudishwi.

Mjomba Hamadi: Marahaba, Rehema. Kabla ya yote, je, uliuliza kwa nini seti hiyo imeshushwa bei? Makabati hufika katika maghala ya namna hiyo kwa sababu mbalimbali: mteja aliyeagiza ameghairi, vipimo vimekosewa, rangi imetofautiana kidogo na ya toleo la kawaida, au kiwanda kimeacha kutengeneza muundo huo. Kila sababu ina hatari yake, na ni lazima ujue uliyonayo wewe ni ipi.

Rehema: Nilimuuliza, Mjomba. Amesema muundo huu umesitishwa na wanahitaji nafasi ya kuonyesha muundo mpya.

Shangazi Mwanaidi: Hapo ndipo mimi nilipoumia, mwanangu, na ninaomba unisikilize. Nilinunua makabati ya muundo uliositishwa, nikafurahia bei, na nilipofika nyumbani nikagundua kwamba mlango mmoja na uso wa droo moja havikuwamo katika shehena. Niliporudi kuviulizia niliambiwa kwamba haviwezi kupatikana tena popote. Fundi alinitengenezea vingine, lakini rangi haikulingana, na hatimaye nililazimika kulipia milango yote ipakwe rangi upya. Punguzo lote liliishia hapo. Kwa hiyo usilipe kabla hujahesabu kila kipande kwa mikono yako mwenyewe.

Mjomba Hamadi: Dada amesema jambo la msingi kabisa. Wanunuzi wengi hutumia muda mwingi kukagua bawaba na reli za droo, ilhali vitu hivyo ndivyo rahisi kubadilisha. Bawaba za makabati ya kisasa kwa kawaida huingia katika tundu la mviringo lenye kipenyo cha milimita 35, na kwa sababu hiyo bawaba ya mtengenezaji mmoja mara nyingi hukaa vizuri kwenye mlango wa mwingine. Reli za droo, miguu na vishikio navyo hupatikana kwa urahisi. Kisichopatikana tena ni milango, nyuso za droo, paneli za ubavuni zenye rangi ileile na ubao wa kuziba miguuni. Elekeza macho yako huko. Wakiwa na mlango wa ziada wa rangi hiyo, hata kama una mkwaruzo, ununue na uuhifadhi mahali pakavu, ukiwa umelazwa bapa ili usipinde.

Zainabu: Wifi, nami naongeza moja. Makabati ya maonyesho hukaa miezi mingi chini ya taa au karibu na dirisha, na rangi yake hupauka bila mtu kutambua. Fungua skrubu za kishikio kimoja uangalie rangi iliyofichwa chini yake. Ikitofautiana na ile iliyo wazi, jua kwamba mlango uliokuwa stoo hautafanana na ile iliyokuwa ukumbini.

Rehema: Hilo sikulifikiria kabisa, ahsante wifi. Salim, wewe uko nyumbani. Tafadhali nisaidie kupima jiko.

Salim: Nimeshapima, dada. Ukuta wa dirishani una sentimita 318 chini, 316.5 katikati na 317 juu karibu na dari. Ukuta wa pili, kutoka kona hadi kwenye fremu ya mlango, una 205. Dari iko sentimita 236 kutoka sakafuni. Bomba la maji machafu limetokeza sentimita 185 kutoka kona.

Mjomba Hamadi: Umefanya vyema kupima mara tatu, kijana wangu, kwani ni ukuta mchache sana ulionyooka kutoka chini hadi juu. Hesabu zetu zote zitafuata kipimo kidogo zaidi, yaani 316.5. Ukitoa 90 za kabati la kona unabaki na 226.5. Ukipanga kabati la 60, kisha la sinki la 80, kisha la 60 la pili, umetumia 200, na sinki litaanza sentimita 150 kutoka kona na kuishia 230, kwa hiyo bomba litaangukia ndani yake bila kuhamishwa. Hiyo ni bahati kubwa, kwa maana kuhamisha mabomba kungeweza kula punguzo lako. Zinabaki sentimita 26.5.

Rehema: Muuzaji ananishauri niongeze kabati moja la sentimita 30 la rangi hiyohiyo ili kujaza sehemu hiyo, naye atanipa kwa bei ndogo.

Mjomba Hamadi: Halitaingia, Rehema. Sentimita tatu na nusu zinaonekana kidogo ukiwa dukani, lakini ukutani hazina pa kwenda, na hata ungechimba plasta usingezipata. Acha kabati hilo. Chukua paneli moja ya ziada ya ubavuni, nami nitakukatia rafu ya wazi inayoenea hapo sawasawa.

Kwenye ukuta wa pili, ukitoa 90 za kona zinabaki 115, na kabati la droo la 40 pamoja na jiko la kupikia la sentimita 60 vinachukua 100. Usiisukume droo hadi igusane na kabati la kona. Weka kipande cha kuzibia cha sentimita 5 katikati, la sivyo kishikio cha mlango wa kona kitazuia droo kufunguka. Kosa hilo nimelirekebisha katika nyumba za watu mara nyingi mno.

Zainabu: Je, kaunta nayo itafaa? Katika picha aliyotuma Rehema kona iko kushoto, ilhali jikoni kwake iko kulia.

Mjomba Hamadi: Umeona vizuri. Kabati la kona la 90 kwa 90 hukaa upande wowote kwa kuwa mikono yake miwili ni sawa. Kaunta imekwisha kukatwa tundu la sinki na kuunganishwa kwa pembe ya upande mmoja, wala haiwezi kugeuzwa kwa sababu uso wake wa chini haukunakshiwa. Kwa jiko lako haina kazi. Mwombe muuzaji aitoe na apunguze thamani yake katika bei.

Baba: Nimesoma yote kwa makini. Mnaliwekaje hilo kabati refu, ikiwa dari ni 236?

Rehema: Baba, muuzaji amesema lina urefu wa sentimita 230 pamoja na miguu, na kina cha 60, kwa hiyo niliona litaingia.

Mjomba Hamadi: Likiwa limesimama litaingia, Shemeji, lakini halitasimama. Kabati likiinuliwa kutoka sakafuni, kinachopita chini ya dari ni ulalo wake, na ulalo wa 230 kwa 60 ni karibu sentimita 238. Litagota darini kabla halijanyooka. Miguu ina kimo cha sentimita 15, hivyo tukiitoa sanduku linabaki 215, na ulalo wake ni kama 223. Tutalisimamisha bila miguu, kisha tutaliinua na kuipachika. Rehema, hakikisha kesho kwamba miguu hiyo inafunguka kweli.

Rehema: Nitahakikisha. Na ubao wenyewe nitautambuaje?

Mjomba Hamadi: Toa rafu moja uangalie matundu ya skrubu na sehemu ambazo ukingo haukubandikwa. Ukiona chembechembe za mbao zilizogandamizwa, hiyo ni chipbodi. Ukiona unga laini uliobana, ni MDF. Ukiona matabaka, ni plaiwudi. Chipbodi nzuri ya milimita 18 haina aibu yoyote, mradi kingo zake zimezibwa kila upande. Adui yake ni maji, kwa kuwa ikivimba hairudi ilivyokuwa. Kwa hiyo piga magoti, pitisha kidole chini ya kabati la sinki na kwenye ncha za chini za ubavu, na ukihisi mahali palipotuna, kabati hilo usilichukue kwa bei yoyote.

Shangazi Mwanaidi: Na uandikiwe risiti inayotaja kila kipande kwa idadi, milango mingapi na droo ngapi, badala ya kuandikwa "seti moja" tu.

Rehema: Nimeandika yote. Kesho saa tatu nitakuwa pale na Salim, nikiwa na tepu na bisibisi. Nitahesabu milango, nitafungua kishikio, nitapima miguu na kugusa chini ya sinki. Wakikataa kutoa kaunta katika hesabu, nitawapigia simu mkiwa wote tayari.

Mjomba Hamadi: Nipigie mimi kwanza, kabla hujatoa fedha. Mambo yakienda sawa nitakuja na pima maji siku mzigo utakapofika, tuanze na kabati la kona, kwa sababu mengine yote yatafuata usawa wake.