Misiba ya taifa, bendera na hotuba za waheshimiwa: mwaonaje?

Baba Kisauni
Salaam wadau. Mwanangu yuko fom thrii, wamepewa insha waandike vile wanasiasa hujijenga kwa misiba ya taifa. Kaja kwangu baba nipe mfano, mie nikaanza na Marekani kwa vile ndo niliyoiona kwa tivi, tarehe 14 Septemba 2001, siku tatu baada ya magaidi wa al-Qaeda kuangusha yale majengo pacha, rais wao Bush kasimama juu ya kifusi New York na kipaza sauti mkononi, watu wapiga kelele USA USA, bendera kila pembe. Oktoba hiyohiyo wakapitisha sheria yao ya Patriot Act, ile iliyoipa serikali nguvu zaidi za kupeleleza watu, na 2003 wakaingia Iraq, ilhali tume yao wenyewe baadaye ilisema haikuona ushahidi kwamba Iraq ilishirikiana na al-Qaeda kwa lile shambulizi. Mtoto kanitazama, "na sisi Kenya je?" Nkanyamaza. Si kwamba hakuna, ni mengi sijui nianzie wapi. Hebu nisaidieni.

Kijana wa Feri
Westgate bro, lile jengo la maduka Nairobi lililovamiwa na magaidi. Septemba 2013, watu 67 wakauawa, kila mahali We Are One, yaani sisi ni wamoja, hata vibanda vya viazi karai huku Likoni vilibandika. Rais wa wakati huo, Uhuru Kenyatta, naye alifiwa na mpwa wake palepale kwa hiyo simwambii mtu machozi yalikuwa ya uongo. Lakini siku chache baadaye aliahidi tume ya uchunguzi mbele ya nchi nzima, na tume yenyewe mpaka leo hatujaiona. Na ukiuliza habari ya wale wanajeshi walioonekana kwa kamera wakitoka supamaketi na mifuko waambiwa we ni mtu gani, wenzako wanalia wewe waleta maneno. Sasa kama sote ni One nani atauliza?

Mama Nuru
Wanangu msiende mbio. Wiki ile mie nlikuwa Nairobi kwa dadangu, tukapanga foleni Uhuru Park kutoa damu, masaa na masaa kwa jua, Wahindi, Wakikuyu, Wasomali, kila mtu na mkono wake. Hakuna mheshimiwa aliyetuamrisha. Kuna mtoto alikuwa kajifunga bendera mabegani na nlilia nilipomuona, sioni haya kusema. Msiwape wanasiasa mpaka kile kilichokuwa chetu.

Mzawa wa Mji wa Kale
Mama heshima yako, na ya damu nakubali. Lakini hao Wasomali uliopanga nao foleni, Aprili iliyofuata walikamatwa na polisi kwa maelfu mtaani Eastleigh, Nairobi, wengine wakarundikwa kiwanja cha Kasarani, na tukaambiwa huo ndo uzalendo. Ikaja Garissa 2015, magaidi wakavamia chuo kikuu, 148 wakafa, wengi wao wanafunzi, wallahi siku ile hata chakula hakikupita. Haikufika wiki ikatoka orodha ya serikali ya wanaoshukiwa kusaidia ugaidi, na ndani yake Haki Africa na MUHURI, mashirika ya haki za binadamu ya hapahapa Mombasa, akaunti zikafungwa. Hao ndo waliokuwa wakiandika majina ya vijana wetu waliopotea! Walikwenda kortini mpaka Novemba ndo jaji akaamuru zifunguliwe. Yaani maiti hawajazikwa wote, tayari watu wametumia msiba kulipa visasi vyao vya zamani. Na wewe mwenye kanzu ukilalamika, waulizwa uko upande gani.

Mtongwe Damu
Mbona mwazunguka mbali hivo. 29 Aprili 1994, feri ya Mtongwe ilizama hapa Mombasa, watu 272 wakafa. Mjombangu alikuwemo, alikuwa aenda kazini. Wangapi kati yenu mwaijua tarehe hiyo bila kutazama simu? Mie nishakaa nikafikiria kwa nini haina bendera wala wimbo, na jibu langu ni moja: haina adui. Gaidi akiua, serikali ina mtu wa kumnyoshea kidole na sote twasimama nyuma yake, feri ikizama kidole chamrudia mwenyewe. Kwa hiyo wale wa feri hulia kwao. Ila uchaguzi ukikaribia kuna mheshimiwa mmoja, simtaji, huja mtaani kuwalilia kwa maikrofoni, mara moja kasema walikufa 300, mara nyengine 250. Hesabu yenyewe haijui! Mamangu mdogo alitoka akaenda zake kupika.

Kijana wa Feri
Na 2019 ile gari iliyoteleza kutoka kwa feri na mama na mwanawe ndani, pale kivuko cha Likoni, siku 13 mpaka kuitoa majini. Bendera sikuona.

Baba Kisauni
Nimemsomea mtoto yote. Kaiacha Westgate, kaiacha Marekani, kachagua Mtongwe, ati ataandika msiba ambao hakuna aliyeutaka. Mie nilidhani atakwenda na Bush kwa vile rahisi.

Mama Nuru
Mashallah. Lakini asikopi hapa, akaulize wenyewe.

Mtongwe Damu
Mlete Jumamosi, mamangu mdogo yupo na picha anazo. Asimrekodi bila kumuomba ruhusa, hapendi. Na mvuke mapema, ikifika saa kumi Likoni feri hamna pa kukanyaga.